Inchi Moja ya Delmar

Kijitabu cha sheria za uwindaji kilikuwa na kurasa nyingi na maandishi madogo, na Verlene Stiltner alikuwa amekisoma chote mara tatu, mara ya tatu akiwa na penseli mkononi. Si kwamba alipenda kusoma. Alipenda kushona, alipenda mkate wa mahindi ulioungua kidogo pembeni, na alipenda kumshinda shemeji yake Delmar kwa jambo lolote lile. Hilo la tatu ndilo lililomfikisha kwenye kijitabu.

Mambo yalikuwa hivi. Mlimani nyuma ya kambi ya ukoo, pale mialoni inapomwaga mbegu, kulikuwa na kichanja cha kuvizia alichokijenga marehemu mumewe, Hobart, na kila kulungu mwenye akili timamu alipita chini yake. Kina Stiltner walikuwa na kanuni yao, kuukuu kuliko paa la kibanda: anayekalia kichanja misimu miwili mfululizo bila kuangusha mnyama anakiachia mwingine. Mwaka uliopita Verlene hakuangusha kitu, na sababu yake ilikuwa nzuri kabisa. Wiki ya uwindaji ilimkuta hospitali, anatolewa bega la kulia na kuwekewa la chuma. Delmar alimpelekea maua. Kisha akauhesabu ule msimu.

Daktari alimwambia Verlene kwamba kitako cha bunduki kisiguse tena bega hilo mpaka anaingia kaburini. Delmar alisikitika sana aliposikia, kwa namna ya mtu anayesikitika huku ameshachagua mahali pa kutundika chupa yake ya chai kule juu.

Lakini Hobart hakuacha kichanja peke yake. Aliacha pia bastola ya risasi sita, ya gurudumu linalozunguka na risasi ndani yake, nzito kama pasi ya mkaa. Bastola haina haja na bega. Unaishika kwa mikono miwili, unaiegemeza kwenye ubao wa mbele wa kichanja, basi. Verlene akafungua kijitabu kuona kama jimbo la Ohio linamruhusu mwanamke wa miaka sabini na mmoja kuwinda kulungu kwa kitu kama hicho, akakuta jimbo halina neno na umri wake. Neno lake lilikuwa na mtutu. Usipungue inchi tano, ukipimwa kuanzia mbele ya gurudumu la risasi hadi mdomoni. Risasi nayo isiwe nyembamba kuliko kaliba, yaani unene, iliyoandikwa, na ganda lake liwe limenyooka kama kopo, lisibanwe shingoni kama chupa. Leseni ya uwindaji. Kibali cha kulungu. Kizibao cha rangi ya chungwa juu ya nguo zote. Kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na kukoma nusu saa baada ya kuzama.

Kizibao hakikuwa tatizo, kwa kuwa vizibao vyote vya ukoo alivishona yeye. Risasi za Hobart zilikuwa nene kupita kiasi kilichotakiwa. Akachukua tepu yake ya nguo, akaulaza mtutu kwenye meza ya cherehani kama anapima mkono wa shati, akasoma inchi tano na nusu. Akaweka alama ya penseli. Vuli nzima alifanya mazoezi nyuma ya nyumba ya mpwa wa mumewe, Coy, mtoto wa Delmar, mwanamume wa miaka arobaini mwenye shamba la maboga. Mpaka maboga yanakwisha, Verlene alikuwa akitoboa nane katika kumi kwa hatua arobaini. Yale mawili aliyoyakosa aliyafanya pai.

Jumapili iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, wote watatu walikuwa kambini, maharage yakitokota jikoni, msimu ukifunguliwa kesho yake asubuhi. Verlene akaitoa bastola kwenye mfuko wa kitambaa cha maua alioushonea, akaiweka mezani.

Delmar aliisogeza kwa kidole. Alikuwa fundi seremala, ngazi za nusu ya kaunti ile alizijenga yeye, na hapakuwa na mtu aliyewahi kujikwaa kwenye ngazi ya Delmar.

"Shemeji," alisema, "hiyo ni ya kuulia nyoka chooni."

"Basi wewe ukienda chooni piga hodi."

Coy alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Delmar hakucheka. Alisema yeye hana ubaya na mtu, ila kambi hii ina jina, na hataki jina la baba yake liingie kwenye daftari la afisa wa wanyamapori kwa ajili ya kibastola kifupi. Verlene akamfungulia kijitabu, akamwonyesha mstari wenye alama ya penseli. Delmar akavaa miwani, akasoma, akauliza nani alipima. Alipoambiwa, akauliza alipimia nini.

"Tepu yangu."

"Ya sketi?"

"Ya suruali zako pia. Naijua namba ambayo huwaambii watu."

Delmar akatoa tepu yake ya chuma mkandani. Akasema kitambaa kinavutika na kinasinyaa, chuma hakina tabia hizo. Nje kulikuwa na baridi na alikuwa bado na glovu nene mikononi, hakuzivua. Alihakikisha bastola ni tupu, akainasa kulabu ya tepu kwenye mdomo wa mtutu, akavuta hadi mbele ya gurudumu, akainamia kuangalia, midomo ikicheza kidogo kama ilivyocheza miaka yote akiwa kazini. Kisha akaiachia tepu ikarudi ndani, *chwap*.

"Nne na nusu."

Verlene alisema haiwezekani. Delmar akasema inawezekana na imewezekana, na labda shemeji alipima pamoja na gurudumu, watu wengi hukosea hapo, ndiyo maana kijitabu kimeeleza. Alisema kwa upole, na upole wa Delmar ulikuwa unamkera Verlene kuliko ukali wake. Coy alitazama maharage. Hata yeye hakuona namna ya kubishana na tepu iliyojenga ngazi za mahakama.

Na Verlene mwenyewe, hapo ndipo aliposhikwa na shaka. Alijaribu kukumbuka: je, ile siku alianzia mbele ya gurudumu au nyuma yake? Alikuwa na nguo ya bibi harusi inasubiri, simu ililia, paka alikuwa juu ya meza. Tepu yake ilikuwa nyumbani, saa nzima ya barabara. Kuiomba ya Delmar apime upya mbele yake, hapana, afadhali kulala njaa.

Delmar akamwambia asijali. Kichanja kitakuwa salama mikononi mwake, na nyama wataigawana kama kawaida.

Kanuni ya pili ya kambi ile ilikuwa ukutani, mtu asome asisome. Anayefyatua na kumkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, na kipande kinapigiliwa msumari ukutani kikiwa na jina na mwaka. Vilikuwepo vitambaa kama thelathini, vya mistari na vya maua, vya miaka ya babu yao hadi ya Coy. Hobart alikuwa na vitatu. Delmar hakuwa na hata kimoja, na alikuwa na desturi ya kukaa akiuelekea ukuta ule wakati wa kula.

Jumatatu alfajiri Verlene alipanda kichanjani hivyo hivyo. Hakuna sheria inayomzuia mtu kukaa juu ya ubao. Alivaa kizibao, akaweka leseni mfukoni, akachukua na bastola kwa sababu mikono ilikwisha kuizoea, lakini risasi aliziacha kwenye kopo la kahawa kambini, asije akashawishika. Aliogopa faini kidogo. Zaidi aliogopa kunyang'anywa bastola ya Hobart.

Saa mbili asubuhi akaja dume. Si dume tu. Pembe zake zilikuwa kama kiti cha bembea kimepinduliwa. Alisimama hatua thelathini, ubavu wazi, akala mbegu za mwaloni bila haraka, akainua kichwa akamtazama Verlene juu kule, akaendelea kula. Verlene alinyanyua bastola tupu, akaiegemeza, akalenga nyuma ya bega pale pale panapotakiwa, akabaki hivyo. Dume akamaliza kula akaondoka, akatembea kama mtu anayetoka kanisani.

Alishuka saa sita. Hakumwambia mtu.

Mchana ule Delmar alikuwa akitengeneza ubao wa ngazi ya mlangoni uliooza. Verlene aliketi kwenye kiti cha barazani na kikombe cha kahawa, akimtazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Delmar akaulaza ubao, akavuta tepu, na hakuianzisha mwishoni pale penye kulabu. Aliiweka alama ya inchi moja kwenye ukingo wa ubao, akaivuta hadi upande wa pili, akasoma, midomo ikacheza. Akachora mstari. Akafanya vile vile kwa ubao wa pili.

"Mbona unaanzia moja?" Verlene aliuliza, kama anayeulizia hali ya hewa.

Delmar akasema kulabu ya tepu ile imelegea tangu ilipoanguka kutoka paa la kanisa, inadanganya kidogo, na seremala hawezi kufanya kazi kwa kidogo. Kwa hiyo unaanzia moja, unasoma, kisha unatoa moja. Miaka ishirini na miwili sasa. Alisema hata kufikiri hafikiri tena, mdomo wenyewe unatoa.

"Unatoa kila mara?"

"Kila mara, shemeji. Ukisahau mara moja tu, mlango haufungi."

Verlene akanywa kahawa. Aliiona jana yake mbele ya macho kama anaishika: glovu nene, mtutu wa mviringo ambao mtu hawezi kushikilia alama ya moja juu yake, kulabu ikanaswa mdomoni, mwanzoni kabisa, sufuri. Kisha midomo ikacheza.

Hapo mwanamke mwema angesema. Verlene alimsifia ngazi yake, akasema imesimama vizuri. Delmar alipokwenda chooni na gazeti, Verlene akajua ana dakika ishirini. Akachukua tepu ya chuma pale ngazini, akaingia ndani, akapima mtutu mara moja kwa kulabu na mara moja kwa kuanzia moja. Kulabu ilisema tano na nusu. Ile ya moja, baada ya kutoa, ilisema tano na nusu kasoro unywele. Akairudisha tepu ilipokuwa, mdomo wake ukielekea kwenye tabasamu, akaenda kuchukua risasi zake kwenye kopo la kahawa.

Jumanne dume hakurudi. Alikuja jike mnene, mtu mzima, saa moja na dakika arobaini, mwanga wa kutosha kabisa. Verlene alifyatua mara moja. Jike akaruka, akakimbia hatua kama sitini na kulala chini kwenye majani. Bega la chuma halikusikia kitu. Masikio ndiyo yaliyolalamika.

Alifanya kila kitu kama kijitabu kilivyosema. Aliandika jina, tarehe na saa kwenye karatasi, akaifunga kwenye sikio la mnyama. Akampigia Coy simu aje amsaidie kumburuta. Akampasua, akatoa matumbo, akaripoti kwa simu, akasomewa namba ndefu, akainakili chini ya jina lake kwa mwandiko wa shule. Walipofika kambini na mnyama, Delmar alikuwa barazani.

Hakupiga kelele. Aliuliza bunduki gani, akajibiwa. Akakaa kwenye ngazi yake mpya. Alisema mnyama huyo hahesabiki. Amepigwa kwa mtutu wa inchi nne na nusu, kwa hiyo ni mnyama wa haramu, na kanuni ya kambi haikukusudia wanyama wa haramu; na kwa kuwa kibali cha shemeji kimeshatumika, misimu ni miwili na kichanja ni chake yeye Delmar kuanzia kesho. Kuhusu sheria yenyewe, alisema, yeye hataongea nje. Hapa milimani mtu hamwiti afisa kwa ajili ya mke wa ndugu yake. Wamle tu kimya kimya.

"Wewe humwiti," Verlene alisema. "Nimeshamwita mimi."

Coy aliachia mguu wa kulungu aliokuwa ameushika.

"Umemwita nani, mama mkubwa?"

"Afisa. Nimemwambia kuna bibi kizee kambini kwa kina Stiltner anashukiwa kupiga kulungu kwa bastola fupi. Akauliza nani anaripoti, nikamwambia huyo huyo bibi."

Saa zile mbili za kusubiri Delmar alizitumia kufagia. Alifagia baraza, akafagia ndani, akafagia mahali ambapo hapajawahi kuona ufagio. Alimwambia Verlene mara mbili kwamba bado anaweza kupiga simu kusema alikosea. Mara ya pili alisema kwa sauti ya chini na hakumwita shemeji, alimwita kwa jina, na Verlene akaona kwamba anamwogopea kweli, faini, bastola kuchukuliwa, aibu. Ilimchoma kidogo. Haikumchoma vya kutosha.

Afisa alikuwa mwanamke mrefu, Bi Hoke, mpya kwenye kaunti, mwenye viatu vya matope na sauti ya mwalimu wa darasa la pili. Aliomba leseni na kibali, akavisoma. Akamkagua kulungu, akalinganisha namba. Akaangalia vizibao, akauliza nani kashona, akaambiwa. Akaomba bastola, akaifungua, akatazama tundu zote sita kama ni tupu, akaomba na risasi moja, akaigeuza mkononi kuona ganda lake limenyooka. Kisha akatoa rula ya chuma kwenye mfuko wa paja, akaiweka mbele ya gurudumu, akaisoma, akaandika.

"Tano na nusu," alisema. "Uko sawa, Bi Stiltner. Hata una nusu ya ziada."

Delmar alimwomba apime tena. Alimwomba kwa heshima. Bi Hoke akapima tena, safari hii akamwita aje asome mwenyewe, na Delmar akavaa miwani akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma.

"Nani aliyewaambia ni fupi?" Bi Hoke aliuliza.

Coy alikuwa ameinamia kulungu kama anamsomea dua. Verlene akasema yalikuwa mazungumzo tu ya kifamilia, na kama afisa hana haraka kuna maharage na mkate wa mahindi. Afisa hakuwa na haraka. Alikula sahani mbili, akasaini kitabu chake, akaondoka.

Gari lake lilipokwisha kupotea bondeni, Delmar alisema, akiwatazama wote bila kumtazama mtu, kwamba tepu haijawahi kumfanyia hivyo.

"Tepu haina kosa," Verlene alisema. "Ulinasa kulabu, shemeji. Halafu ukatoa moja."

Delmar alifikiri. Ilichukua muda, na mtu angeweza kuuona uso wake ukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka meza ile ya Jumapili, glovu, mdomo wa mtutu. Alipofika alikaa chini.

"Ulijua lini?"

"Jana mchana. Ulipokuwa chooni."

"Ukaniacha nifagie?"

"Palikuwa pachafu."

Coy akatoka nje, wakasikia kicheko chake nyuma ya kibanda.

Delmar akakubali, kwa sababu hata wabaya wake hawakuwahi kumwita mwongo, kwamba mnyama anahesabika na kichanja ni cha Verlene. Alidhani yamekwisha. Lakini Verlene alikuwa amefungua mfuko wake wa kushonea, na mkasi mkubwa ulikuwa mezani.

Alimweleza taratibu. Jumatatu saa mbili asubuhi alisimama dume chini ya kichanja, hatua thelathini, pembe kama kiti cha bembea, na bastola ilikuwa tupu kwa sababu ya neno la fundi. Dume yule amepotea. Kambini hapa, mnyama akipotea kwa kosa la mtu, lazima pindo la mtu liende ukutani. Yeye Verlene hakukosea lolote asubuhi ile. Alilenga pale pale panapostahili.

"Mimi sikufyatua," Delmar alisema.

"Ulifyatua Jumapili. Kwa tepu."

Alibisha, lakini hakubisha sana. Mwishowe alisimama, akageukia ukuta, akachomoa pindo la shati kwenye suruali. Lilikuwa shati la miraba mikubwa, jekundu na jeusi, ambalo Verlene mwenyewe alimshonea Krismasi ya juzi. Alichukua tepu ya Delmar, akaweka alama ya moja kwenye ukingo wa pindo, akavuta hadi mbili.

"Soma," akamwambia.

Delmar alisoma kwa kugeuza shingo. "Mbili."

"Halafu?"

"Natoa moja," Delmar alisema, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya daktari wa meno.

Verlene akakata inchi moja kamili, moja kwa moja, kutoka mshono hadi mshono, kwa mkono wa kulia wenye bega la chuma. Coy alirudi na nyundo. Walikipigilia kile kipande chembamba katikati ya vitatu vya Hobart, na Verlene akaandika jina na mwaka.

Wakati wa chakula Delmar alikaa akiupa ukuta mgongo. Akala. Baada ya muda akauliza kama yule dume alitokea upande wa kijito au upande wa shamba la mahindi, na Verlene akamwambia upande wa kijito, na kwamba kesho yeye atakuwa anakata nyama siku nzima, kichanja kitakuwa wazi mpaka saa sita.

"Saa sita kamili?" Delmar aliuliza.

"Saa sita. Usitoe moja."